"Mwisho Lakini si kwa Umuhimu": Nani Hutajwa Mwisho katika Barua za Pwani ya Cabo Delgado?

Yeyote aliyewahi kusahihisha insha za Kiswahili, au kusoma ukurasa wa shukrani katika tasnifu za wanafunzi wetu, anaufahamu msemo huu: "mwisho lakini si kwa umuhimu". Hutokea pale orodha ya wanaoshukuriwa inapokaribia kwisha. Mwenyezi Mungu ameshatajwa, msimamizi ameshatajwa, mkuu wa idara, wafadhili na wazazi nao wameshatajwa. Wamebaki mke au mume, watoto, na mchapaji aliyekesha na muswada. Hapo ndipo mwandishi, kwa kuona haya kidogo, huuchomeka msemo wetu na kuendelea. Wengine huandika "mwisho ila sio kwa umuhimu", wengine "wa mwisho lakini si wa mwisho kwa umuhimu", na wapo wanaosema "wa mwisho lakini si haba". Hawa waliotajwa mwisho angalau wamejaribu kusema Kiswahili.

Msemo huu ni tafsiri ya Kiingereza "last but not least", na si siri kwa mtu. Makala haya hayakusudii kuwacheka wanaoutumia. Yanakusudia kuuliza swali la kihistoria: kwa nini mtajwa wa mwisho aombwe radhi? Ili kulijibu nitawapeleka wasomaji mbali kidogo na madarasa yetu, hadi pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado nchini Msumbiji, ambako katika karne ya 19 watu waliandikiana barua za Kiswahili na maofisa wa Kireno, na ambako suala la nani atajwe kwanza na nani atajwe mwisho halikuwa suala la adabu peke yake.

Lakini kwanza tuumalize upande wa sarufi, maana ni mfupi. Neno "kwa" katika Kiswahili hubeba kazi nyingi: namna, kama katika "kwa haraka", sababu, kama katika "kwa njaa", chombo, kama katika "kwa kisu", kipimo, kama katika "kwa urefu". Msomaji anapokutana na "si kwa umuhimu" pasipo kitenzi wala kivumishi cha kuegemea, hana namna ya kujua ni "kwa" ipi. Je, mtu huyu ametajwa, lakini si kwa sababu ya umuhimu wake? Ndivyo maneno yanavyosomeka, na mke aliyevumilia miaka 4 ya utafiti ana haki ya kununa. Maana iliyokusudiwa ni "wa mwisho kwa kutajwa, lakini si wa mwisho kwa umuhimu". Neno linalokanushwa limedondoka njiani, na sisi tumezoea kulijazia kichwani kwa sababu tunakijua Kiingereza. Asiyekijua Kiingereza hajazii kitu.

Katika Kiingereza chenyewe msemo huu ni wa zamani. Mwandishi John Lyly aliutumia katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1580. Shakespeare aliutumia baadaye, katika tamthilia ya Julius Caesar iliyoigizwa London mwaka 1599, na katika King Lear, ambamo baba mzee anamgeukia binti yake mdogo baada ya kuwasikiliza wakubwa. Ile ya Julius Caesar inatuhusu zaidi, kwa kuwa ndiyo aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere. Tafsiri yake ilitoka mwaka 1963, na iliyorekebishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari, ikatoka mwaka 1969. Wanafunzi wengi wa Tanzania wa kizazi cha walimu wetu waliisoma.

Hebu tukumbuke mandhari yenyewe. Kaizari ameuawa. Rafiki yake Antonio anaingia, anawakuta wauaji wakiwa bado na damu mikononi, naye hana jeshi wala silaha. Anawaomba mikono awasalimie, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa jina: anaanza na Bruto, anafuata Kasio, na kuendelea hadi wa saba ambaye ni Trebonio. Huyo wa saba ndiye anayeambiwa kwamba, ingawa ni wa mwisho, si mdogo katika mapenzi. Sasa, Trebonio ndiye aliyemvuta Antonio kando ili mauaji yafanyike bila ya yeye kuwapo. Wote jukwaani wanalijua hilo. Maneno hayo matamu, basi, yanasemwa na mtu mwenye hofu na hila, anayejua kwamba mpangilio wa salamu unapimwa, na kwamba aliyewekwa mwisho anaweza kukasirika. Msemo unadai kuwa nafasi haina maana. Mtu anayeamini hivyo kwa dhati asingekuwa na haja ya kuusema.

Wareno nao wana msemo uleule, neno kwa neno karibu: "por último, mas não menos importante". Kwa hiyo Mtanzania anaupokea kutoka Kiingereza, na jirani yake wa Palma au Mocímboa da Praia, aliyesoma shule ya Kireno, anaupokea kutoka Kireno. Wakikutana mpakani mwa Ruvuma wakaongea Kiswahili, wote wawili watausema na wataelewana vizuri sana. Ndipo mwalimu wa Kiswahili anapokaa na kujiuliza kama kweli pwani hii haikuwa na njia yake ya kushughulikia jambo hili kabla ya shule hizo mbili.

Ilikuwa nayo, na ushahidi umeandikwa. Pwani ninayoizungumzia inaanzia mdomo wa Ruvuma, inashuka kupitia ghuba ya Tungi, ambako leo upo mji wa Palma, kisha Mocímboa da Praia, kisha visiwa vya Quirimba pamoja na Ibo, Quissanga iliyo bara mkabala na visiwa hivyo, hadi Pemba ya Msumbiji. Sehemu kubwa ya wenyeji wa mwambao huu ni Wamwani. Lugha yao, Kimwani, ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, na imechukua mengi kutoka kwa majirani Wamakua na Wamakonde. Hata hivyo, mtu wa pwani hii alipotaka kuandika, mara nyingi hakuandika kama alivyosema nyumbani. Aliandika Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kama alivyoandika mwenzake wa Kilwa au Unguja. Desturi hiyo ilikuwa na umri mkubwa. Barua za Kiswahili za zamani kuliko zote zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao wa hapo, na leo zimehifadhiwa Goa, India. Kwa maneno mengine, tangu mwanzo wa kumbukumbu tulizo nazo, barua ya Kiswahili imekuwa ikisafiri kuelekea kusini, mikononi mwa Wareno.

Ibo palikuwa makao makuu ya Wareno katika wilaya ya Cabo Delgado. Palikuwa pia bandari kubwa ya biashara ya watumwa, jambo ambalo haifai kulifunika kwa sifa za majengo yake mazuri. Mamlaka ya Wareno hayakufika mbali bara. Ili kupata habari, chakula, njia za misafara na ushirikiano wakati wa vita, iliwabidi wawaandikie mashehe na watawala wa mwambao, nao mashehe wakawajibu kwa lugha yao ya maandishi. Mamia ya barua hizo yamo katika Hifadhi ya Nyaraka za Historia ya Msumbiji mjini Maputo. Watafiti Liazzat Bonate na Chapane Mutiua wameandika juu yake, na kutokana na kazi zao tunalifahamu vizuri jina la Bwana Shaki bin Abdulatifu, wa ukoo wa Mafazii, shehe wa Quissanga katika nusu ya pili ya karne ya 19, mmoja wa waandishi walioacha barua nyingi. Habari zilizomo katika barua za namna hii ni za biashara, za ugomvi kati ya watawala, za watumwa na za vita.

Umbo la barua ya kizamani ya pwani linajulikana, na halikutofautiana sana kati ya Lamu na Quissanga. Carl Büttner alipochapisha mkusanyo wake wa maandishi ya Kiswahili ya herufi za Kiarabu mwaka 1892, umbo lilikuwa hilohilo. Juu kabisa huja anwani ya heshima. Inaanza na neno la Kiarabu "ila", yaani "kwa", linafuatiwa na "janabi" au "hadhara", kisha sifa za mpokeaji, jina lake, na dua ya kumtakia salama. Hapa hapana ubahili: mpokeaji mkubwa anaweza kuchukua mistari kadhaa kabla ya mwandishi kupata nafasi ya kusema lolote. Zinafuata salamu na habari za hali. Kisha neno moja, "wabaadu" au "ama baadu". Kisha shauri lenyewe. Mwishoni "wasalaam", jina la mwandishi, mara nyingi likitanguliwa na neno la kujishusha, na tarehe ya Kiislamu.

Mpokeaji kutangulia hakukuwa sheria ya tangu zamani. Barua za mwanzo wa Uislamu zilianza na mwandishi: kutoka kwa fulani, kwenda kwa fulani. Adabu ya kumtanguliza mkubwa ilikuja kukua baadaye, na katika barua za Waswahili ikawa ndiyo kawaida. Kwa hiyo kichwa cha barua ni mahali pa juu, na mwandishi anaketi chini. Mpaka hapo Shakespeare angetuelewa.

Lakini tazama neno "wabaadu". Ni Kiarabu, na maana yake si nyingine ila "na baada ya hayo". Kazi yake ni kumwambia msomaji: yaliyotangulia ni heshima, yanayofuata ndiyo niliyokuandikia. Neno lenye maana ya kuja nyuma ndilo linalotangaza uzito. Mwandishi wa Quissanga hakuwa na haja ya kusema kwamba jambo analolitaja baadaye si dogo, kwa sababu kila msomaji wa barua alijua kuwa kubwa liko baadaye. Mwanzo ulikuwa mahali pa mtu, na baada ya "wabaadu" palikuwa mahali pa shauri. Barua ilikuwa na sehemu 2 za juu, na sehemu hizo hazikushindana.

Naomba msomaji asidhani kuwa jambo hili lilikuwa la barua tu. Katika mabaraza ya pwani kahawa huanzia kulia, na wa mwisho kupewa ni aliyekaa kushoto, awe nani. Katika hafla, dua ya kufungia huombwa kwa mwenye elimu au umri kuliko wote, na hakuna anayemwambia samahani kwa kumweka mwisho. Hata katika mikutano yetu ya leo mgeni rasmi ndiye husema mwisho, baada ya wadogo wote kumaliza hotuba zao. Kinyume chake kipo pia. Orodha ya wageni hushuka kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo, mpaka mzungumzaji anachoka na kusema "itifaki imezingatiwa", msemo ambao nao, kwa maoni yangu, umetokea Kiingereza cha Afrika na bado haujamdhuru mtu. Mpangilio wa kushuka na mpangilio wa kupanda vimekaa pamoja miongoni mwetu kwa muda mrefu.

Turudi Ibo, kwa sababu huko kuna jambo ambalo sijaona likitajwa katika mijadala ya msemo huu. Barua rasmi ya Kireno ya karne hiyo ilikuwa na umbo lake pia, na umbo hilo lilikuwa karibu kinyume cha la Kiswahili. Ofisa wa Kireno alipomwandikia mkubwa wake, aliingia moja kwa moja katika shauri. Alipomaliza aliandika dua fupi ya desturi, kwamba Mungu amlinde Mtukufu, kisha mahali na tarehe, na chini kabisa ya ukurasa, baada ya yote, ndipo yalipokuja jina la cheo na sifa za yule mkubwa anayeandikiwa, pamoja na sahihi ya mwandishi. Mkubwa alitajwa mwisho, na hilo halikuwa dharau. Mguu wa ukurasa ulikuwa mahali pake pa heshima, kama kichwa cha ukurasa kilivyokuwa mahali pa heshima kwa shehe.

Fikiria, basi, meza ya gavana pale Ibo, na juu yake barua 2 za siku moja, moja kutoka kwa ofisa wake na nyingine kutoka kwa shehe wa bara, zote zikimhusu yeye. Katika ya kwanza jina lake liko mstari wa mwisho. Katika ya pili liko mstari wa kwanza. Zote mbili zinamheshimu. Asiyejua desturi ya upande wa pili angeweza kuisoma vibaya: Mreno angeona barua ya shehe imejaa maneno matupu juu na shauri limechelewa, na shehe angeona barua ya Mreno haina haya, inaanza kudai kabla ya kusalimu. Ndiyo maana walihitajika wakalimani, na kazi ya mkalimani haikuwa kugeuza maneno tu. Ilimlazimu kujua ni wapi katika karatasi anakaa mkubwa.

Na kukaa huko kulikuwa na gharama. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Tungi. Mtawala wa hapo alikuwa na jirani 2 wenye nguvu, Sultani wa Zanzibar upande wa kaskazini na Wareno upande wa kusini, na kila mmoja alidai kuwa ghuba ile ni yake. Wareno walizoea kumwita mtawala wa pwani "xeque", yaani shehe, hata pale watu wake walipomwita sultani. Kukubali jina moja kulikuwa nusu ya kukubali bendera. Tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuitambua pwani ya Sultani wa Zanzibar kuwa inaanzia mto Minengani, kwenye ghuba ya Tungi, hadi Kipini. Ilipofika Desemba mwaka uleule Ujerumani na Ureno zikakubaliana kuwa mpaka wao ni Ruvuma. Makubaliano hayo mawili yalikanyagana papo hapo, na Februari 1887 Wareno waliitwaa Tungi kwa nguvu. Wajerumani wakaja kuchukua Kionga, pembe ndogo kusini mwa mdomo wa Ruvuma, mwaka 1894. Wareno wakaichukua mwaka 1916 katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika mikataba yote hiyo wenyeji wa Tungi hawakutajwa kwanza wala mwisho. Kwa mtu aliyeishi hapo, anwani ya barua, yaani nani apewe sifa ngapi na mwandishi ajiite nani mwishoni, ilikuwa sehemu ya siasa aliyobaki nayo mkononi mwake.

Baada ya hapo barua za mashehe zilipungua nguvu. Kampuni ya Nyassa ilipewa hati ya kuitawala nchi hiyo mwaka 1891 na ikaishikilia hadi 1929. Makao makuu yaliondoka Ibo mwanzoni mwa karne ya 20 na kuhamia Porto Amélia, ambayo ilichukua jina la Pemba baada ya uhuru wa 1975. Shule za kikoloni zilifundisha kwa Kireno na kwa herufi za Kirumi. Maofisa hawakuwahitaji tena mashehe kama washirika wa kubembelezwa. Waliwahitaji kama wakusanya kodi, na mkusanya kodi haandikiwi kwa adabu. Mwandiko wa Kiarabu ukarudi majumbani na vyuoni, ukawa wa barua za jamaa, hesabu za biashara na mambo ya dini. Kiswahili chenyewe kilipata njia nyingine. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, vita vya ukombozi vikaanza Cabo Delgado tarehe 25 Septemba 1964, na wapiganaji waliopitia kambi za Kongwa na Nachingwea wakarudi nyumbani na Kiswahili cha Tanzania, pamoja na namna zake za kuandika.

Hapa wasomaji wa rika langu watakumbuka barua za shule. Salamu nyingi, nyingi kupita kiasi, zikilinganishwa na mchanga wa bahari au nyota za mbinguni. Kisha: "Baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni..." Walimu wengine walikuwa wakiikata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu na kuiita porojo. Mimi naiona ni ile "wabaadu" ya mashehe iliyovaa nguo za Kiswahili. "Baada" imebaki "baada", salamu zimebaki mahali pake, na shauri linakuja baadaye kama lilivyokuja katika karne ya 19. Mtoto wa darasa la sita aliyeandika vile hakujua anafuata nini, ila alikuwa anafuata kitu.

Tufanye nini na msemo wetu, basi? Sioni sababu ya kuupiga marufuku. Katika hotuba, ambapo mzungumzaji ana uso, sauti na mkono wa kuelekeza, mtu anaweza kusema "wa mwisho kutajwa, si wa mwisho kwa umuhimu" na akaeleweka. Katika maandishi nashauri ufupisho wake usipite bila ya swali. Mwanafunzi aulizwe: kwa nini umemweka mwisho? Ikiwa jibu ni kwamba mpangilio haukuwa na maana, basi aseme "pia" au "vilevile" aendelee, hakuna aliyedhurika. Ikiwa jibu ni kwamba amemweka mwisho makusudi, kwa kuwa ndiye hasa, Kiswahili kina "kwa namna ya pekee", "zaidi ya wote", "na kubwa kuliko yote", ambayo yote hukaa vizuri mwishoni na hayaombi radhi. Na ikiwa jibu ni kwamba alimsahau akamkumbuka ukurasa ukiwa umekwisha, hilo ni kati yake na mchapaji.

Inafaa pia kulikumbuka neno "muhimu" lenyewe. Limetoka Kiarabu, katika mzizi wa kuhangaikia na kutia maanani, mzizi uleule uliotupa "hima". Jambo muhimu kwa asili ni lile linalomshughulisha mtu moyoni. Halina nambari. Ukisema mtu ni wa tatu "kwa umuhimu" umelilazimisha neno kuwa ngazi, na huenda hiyo ndiyo sababu msemo wetu unasikika kama mashine ambayo skrubu moja haijakaza.

Kuna jambo la haraka zaidi kuliko msemo. Hifadhi ya Maputo inazo barua zilizofika ofisini. Barua zilizobaki majumbani, pamoja na vitabu vya dini na hesabu za wazee, zilikuwa katika miji ileile ambayo tangu tarehe 5 Oktoba 2017, siku Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, imepita katika vita. Quissanga ilivamiwa Machi 2020, Mocímboa da Praia ikatekwa Agosti mwaka huo na kukaa mikononi mwa waasi mwaka mzima, na Palma ikashambuliwa Machi 2021. Mwezi Oktoba 2020 maelfu ya watu walikuwa wakishuka kwenye majahazi na mashua katika pwani ya Paquitequete, mtaa wa kale wa Pemba, na kufikia mwaka 2022 waliohama makwao katika jimbo zima walikaribia milioni 1. Anayepanda mashua usiku huchukua watoto, maji na chungu. Sanduku la karatasi za babu hubaki.

Kwa idara zetu maana yake ni kwamba watu wanaoweza kutueleza maandishi haya, wazee waliosoma mwandiko huo chuoni na wanaokijua Kimwani na Kiswahili cha huko, wametawanyika, na wengi wanaishi mbali na mahali barua zilipoandikwa. Wanafunzi wetu wengi wanahitimu Kiswahili bila ya kuweza kusoma mstari mmoja wa herufi zilizokiandika kabla ya herufi za Kirumi. Muhula mmoja wa mwandiko wa Kiarabu ungetosha kuanzia. Zoezi la kwanza lingekuwa dogo: mwanafunzi apewe nakala ya barua moja, asitakiwe kuitafsiri, atafute tu neno "wabaadu" liko mstari wa ngapi, ahesabu mistari iliyo juu yake na iliyo chini yake, kisha aseme anadhani barua hiyo iliandikwa kwa nani.